Falstaff Kapuni: Raha ya Mchezo wa Kuchekesha

Mtu mwenye ada ya kwenda kutazama michezo ya jukwaani huulizwa na jamaa zake swali moja, tena kwa mshangao wa kweli: ya nini kutoa fedha mara ya pili kwa mchezo ambao mwisho wake amekwisha kuujua? Pengine katika mchezo wa majonzi swali hilo lina haki yake, lakini katika kichekesho halina, kwa sababu raha ya kichekesho haikufichwa mwishoni. Imo katika kungoja. Mtazamaji hupewa siri mapema, akaketi nayo kifuani, akamtazama mhusika akienda kwa miguu yake mwenyewe kwenye aibu ambayo kila mtu ukumbini anaiona isipokuwa yeye. Na ajuaye zaidi ndiye achekaye zaidi, hata mara ya pili ikawa tamu kuliko ya kwanza.

Mfano niupendao kuliko yote ni ule mchezo wa Shakespeare wa wake wachangamfu wa Windsor, uliopigwa chapa kwanza mwaka 1602. Sir John Falstaff, mnene, mlevi, mwingi wa madeni na ghururi, anaazimia kuwatongoza wake wa matajiri wawili ili aifikie mifuko ya waume zao, na kwa uvivu wake anawapelekea barua mbili zilizo sawa neno kwa neno, majina tu ndiyo mbalimbali. Wake hao, Bibi Ford na Bibi Page, ni marafiki. Wanazilinganisha barua, wanaghadhibika, kisha wanafanya shauri la kumwadhibu.

Bibi Ford anamwalika nyumbani. Mumewe, aliyepofushwa na wivu, anarudi ghafla na majirani. Falstaff anashindiliwa ndani ya kapu, chini ya nguo chafu za kufuliwa. Mume anakutana na watumishi wanaolibeba kapu lile, anawauliza wanalipeleka wapi, anaambiwa linakwenda kwa dobi, naye anawapisha, akaingia kuipekua nyumba pembe zote ilhali anayemtafuta anakwenda kumwagwa majini katika mto Thames. Lakini ustadi mkubwa uko mbele. Bwana Ford amejigeuza mtu mwingine na kujifanya rafiki wa Falstaff, na Falstaff mwenyewe, kwa kujisifu, anamsimulia habari yote ya kapu. Basi mara ya pili mume anarudi amejaa elimu: analikamata kapu, anatupa nguo moja baada ya nyingine, anatafuta hata hakuna kilichosalia, na wakati huo huo Falstaff anapita mbele yake amevaa mavazi ya ajuza, akapigwa fimbo kwa kudhaniwa kuwa ni ajuza mchawi. Kujua kwake kumempoteza zaidi kuliko ujinga wake wa kwanza. Ukisoma ukurasa huo utatabasamu. Ukiuona jukwaani, shati la mwisho likiruka hewani na mume akichungulia kapu tupu kana kwamba haamini macho yake, utashindwa kukaa wima.

Mchezo huu ulichezwa kwa Kiswahili mjini London mwaka 2012, katika jukwaa la Globe, wakati wa tamasha lililokusanya michezo 37 ya Shakespeare katika lugha 37. Joshua Ogutu alikuwa mfasiri, na Falstaff alichezwa na mshairi wa Tanzania, Mrisho Mpoto, pamoja na waigizaji wa Kenya. Jukwaa hilo, lililofunguliwa mwaka 1997 kwa mfano wa lile la kale, halina paa juu ya uwanja wake wa kati, na mamia ya watazamaji husimama hapo, mvua ikinyesha isinyeshe, karibu kabisa na miguu ya waigizaji. Taa hazizimwi juu ya watu. Mwigizaji anaziona nyuso za wamtazamao, anaweza kumtolea mmoja wao shauri la siri. Nao watazamaji wanaonana wao kwa wao, kicheko cha huyu kikawasha cha yule. Hali hiyo si ngeni kwetu, tuliozoea ngoma na michezo ya uwanjani, ambako anayetazama hakuzuiwa kujibu.

Ndiyo sababu nahuzunika kwamba wengi wetu tumekutana na tamthilia darasani tu. Mwalimu Nyerere alitufasiria *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Samuel Mushi akatupa *Makbeth* na *Tufani*. Kazi hizo ni hazina, nazo husomwa, hujibiwa katika mitihani, kisha hufungwa. Kichekesho ndicho kinachodhurika zaidi kwa mwenendo huo, maana mzaha ulioelezwa kwa chaki hupoa, wala hapana mwalimu awezaye kueleza muda ule mfupi ambao mwigizaji hodari hunyamaza kabla ya kujibu, ambao aghalabu ndio mzaha wenyewe. Muda huo haukuandikwa kitabuni. Mwigizaji huupima kila usiku kwa pumzi za waliohudhuria, na kwa hiyo hapana maonyesho mawili yaliyo sawa.

Mwisho wa Falstaff ni mwituni, usiku wa manane, amevaa pembe kichwani, watoto waliojifanya viumbe vya kijini wakimfinya na kumchoma kwa mishumaa. Hapo mwandishi mnyonge angemfukuza. Shakespeare hakufanya hivyo. Wakati huo huo Anne, binti wa Bibi Page, ametoroka na kijana ampendaye na kuolewa, ingawa baba alimtakia bwana mwingine na mama mwingine tena. Hata waliotega wametegwa, na Bwana Ford amekwisha kuomba radhi kwa wivu wake. Ndipo Bibi Page anapowaita wote waende nyumbani wakacheke pamoja motoni, na Sir John akiwemo.