Maneno 300 juu ya nguva wa mto

Wengi wenu mnamjua mdogo wangu, yule aliyesoma hapa Bukavu mpaka akapata diploma ya serikali, kisha akaenda Kinshasa kusoma biolojia. Juzi alikuja likizo na begi lililojaa makaratasi kuliko nguo. Usiku wa kwanza, tulipomaliza kula, aliniambia: «Yaya, wewe unafundisha watoto kufupisha maandiko. Nisaidie. Nimepewa maneno 300 tu, na yamenishinda.»

Maneno hayo yalikuwa ya kuomba nafasi ya kusema katika mkutano wa wanasayansi. Kuna chama cha kimataifa kinachoitwa Society for Marine Mammalogy, kilichoanzishwa mwaka 1981, cha watu wanaochunguza wanyama wa majini wanaonyonyesha: nyangumi, pomboo, sili, nguva. Kwa kawaida wanakutana kila miaka miwili. Desemba 2019 walikuwa Barcelona, Hispania. Novemba 2024 walikuwa Perth, Australia. Anayetaka kusema pale anatuma kwanza ufupisho wa kazi yake, rezime kama tunavyosema darasani, miezi mingi mbele. Wasomaji wanaupima, kisha wanajibu: utasema mbele ya watu, au utatundika bango, au hapana.

Mtaniuliza: sisi wa Kivu tuna nini na wanyama wa bahari? Mimi pia niliuliza. Mdogo wangu alichukua kalamu akanichorea njia ya maji. Maji ya ziwa letu yanatoka kwa Ruzizi, yanaingia Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanafika Lualaba, yanakuwa mto Kongo, na mwisho yanamwagika baharini kule Banana, karibu na Muanda. Huko chini, penye mikoko, ndipo anaishi nguva wa Afrika, ambaye Kifaransa kinamwita lamantini. Maji tunayofulia hapa yatapita siku moja mbele ya pua yake.

Ni mnyama mkubwa, mpole, anayekula majani. Mama nguva anazaa mtoto mmoja baada ya kubeba mimba ya mwaka mzima hivi, na maziwa yake yako chini ya makwapa, nyuma ya mapezi ya mbele. Nilipowaambia wamama wa kikundi chetu jambo hilo walicheka sana, na mmoja akasema huyo ni mwenzetu. Kwa kuwa anazaa pole pole hivyo, wakiuawa wachache tu kila mwaka, hesabu haijazwi upesi. Tangu 2013 biashara ya kimataifa ya nyama na viungo vyake imekatazwa na mapatano ya CITES, na huko Muanda kuna Hifadhi ya Mikoko iliyoanzishwa 1992. Hata hivyo ananaswa katika nyavu, na nyama yake inaliwa. Mdogo wangu alikaa kule wiki nyingi akiwauliza wavuvi.

Basi akanisomea ufupisho wake. Ulianza hivi: nguva ni mnyama muhimu sana, tangu zamani mwanadamu ameishi pamoja na wanyama, Kongo ni nchi tajiri. Mistari sita ya namna hiyo. Halafu: mahojiano yalifanywa na wavuvi. Na mwisho: matokeo yatajadiliwa wakati wa mkutano.

Nilimwambia, mdogo wangu, huu ni mlango bila nyumba. Mtu anayesoma fupisho mia kwa siku moja amekwisha jua kwamba nguva ni muhimu, ndiyo sababu yuko pale. Anataka kujua wewe umeona nini. Nikamwomba aweke karatasi chini aniambie kwa mdomo, kwa Kiswahili, kama anavyonieleza habari za soko. Akasema bila kupumua: wazee waliniambia ujanani walikuwa wakimwona mara kwa mara, vijana wengi wamemwona mara moja tu, amekwisha kufa katika wavu, tena karibu wote hawakujua kwamba sheria inamlinda. Nikamwambia: andika hayo.

Kila mama anajua kufupisha, sema hajui kwamba anajua. Ukirudi sokoni na baba watoto akauliza kuna nini, hauanzi na historia ya biashara. Unasema: nilitafuta makala, nimezunguka kwa wauzaji watano, mfuko umepanda kwa sababu mvua imekata barabara, tununue nusu tungoje. Ndani yake mna swali, mna namna ulivyotafuta, mna ulichokikuta, mna maana yake. Ufupisho wa sayansi unataka hayo manne, na sehemu kubwa ya maneno iende kwa ulichokikuta, pamoja na hesabu zake: uliuliza watu wangapi, wangapi walijibu hivi, wangapi vile. Neno «wengi» peke yake halipimiki. Na kama hauna hesabu bado, usitume. Kuahidi matokeo ambayo haujayapata ni kama kukopa pesa ya likelemba ya mwezi ambao zamu si yako.

Tulifanya kazi hiyo siku tatu. Kichwa cha habari pekee kilitula jioni nzima, maana alitaka kutia ndani yake nchi, mto, mnyama, sheria na maendeleo. Mwishoni kilibaki na mambo mawili: wavuvi wanasema nini, na wapi.

Hapo ndipo tuligombana kidogo, na sioni aibu kuliandika. Alikuwa ametayarisha pia picha za kuonyesha ukutani kama wakimpa nafasi. Katika picha mojawapo, mvuvi amesimama kando ya nguva aliyekufa, anacheka, uso unaonekana wazi, na chini jina la kijiji limeandikwa. Nikamwuliza: si umesema sheria inakataza? Akasema ndiyo. Nikasema: huyu baba alikukaribisha, mke wake alikupikia, na wewe unaenda kumweka ukutani mbele ya dunia nzima akiwa na kosa mkononi? Alinyamaza. Kisha akasema wenzake wanapenda picha zenye nguvu. Labda ni kweli, lakini watoto wa yule baba wanakula kwa wavu wake. Kesho yake asubuhi picha ilikuwa imetoka, na mahali pa jina la kijiji aliandika «kijiji kimoja cha mdomo wa mto». Profesa wake, alipompigia simu, alimwambia ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Juu ya kusema kwenyewe, nafasi ni ndogo: mara nyingi robo saa, na maswali yakiwa ndani yake. Yeye alikuwa na kurasa thelathini za kuonyesha, herufi ndogo kama za agano la mfukoni. Tulibakiza kumi na mbili. Kila ukurasa jambo moja, herufi ambazo mama aliyekaa nyuma ya ukumbi bila miwani anaweza kusoma. Kiingereza chake si kirefu, na hilo ndilo lilimnyima usingizi. Lakini wengi watakaomsikiliza, nao Kiingereza wamejifunza shuleni. Sentensi fupi zitawafaa wote. Na akipewa bango badala ya jukwaa, asione amedharauliwa. Kwenye bango mtu anasimama mbele yako, mnaongea macho kwa macho, na kwa mtoto anayeanza hiyo inaweza kumpatia marafiki wa kazi kuliko hotuba.

Jumamosi nilimleta kwenye mkutano wetu ajizoeze. Hatukuwa na projekta, na umeme ulikuwa umekwenda, basi alisimama mbele yetu na karatasi alizozichora kwa mkono, akaeleza kwa Kiswahili, mimi nikishika saa. Alizidisha dakika nne. Ndipo mama mmoja muuza sambaza akainua mkono. «Binti yangu, umetueleza wavuvi walisema nini. Na wale wanawake wanaouza nyama hiyo, wewe uliwauliza?»

Hakuwauliza hata mmoja. Nilimwona anatafuta jibu kwenye karatasi zake, na jibu halikuwapo. Mama wa sambaza hakumwonea, aliendelea tu: mvuvi anajua siku ya kuvua, lakini anayejua ni samaki wangapi wamepita na bei ilikuwa ngapi mwaka juzi ni mwenye kuuza. Mimi mwenyewe, mwenye diploma ya pedagojia, nilikuwa nimesoma ufupisho ule mara kumi bila kuona tundu hilo.

Usiku ule alitaka kuacha yote. Alisema wasomaji wa chama watamwona mjinga. Nikamwambia achague: ama afiche, ama aseme. Akaongeza sentensi moja mwishoni, kwamba kazi hii iliuliza wanaume peke yao, na kwamba hatua inayofuata ni kuwauliza wanawake wa soko. Ili kupata nafasi ya sentensi hiyo tulifuta «nchi tajiri», iliyokuwa bado imejificha mstari wa pili.

Kulibaki mambo ya pesa, na hayo ni mazito. Hata ukikubaliwa unalipa kiingilio, na tiketi, na viza, na pasipoti kama hauna. Chama chenyewe kina msaada wa safari kwa wanafunzi, lakini anayengoja kukubaliwa kwanza ndipo aombe, mara nyingi anakuta mlango umefungwa. Mwenye mtoto chuoni amwambie asome maagizo yote mpaka mstari wa mwisho. Asome na saa pia. Siku ya mwisho inaandikwa kwa saa ya nchi nyingine, na hata sisi wenyewe, Kinshasa iko nyuma ya Bukavu kwa saa moja. Kuna wenzake waliokosa kwa sababu hiyo tu.

Alituma siku mbili mbele, kwa simu yangu, juu ya kilima kwenye mtandao mzuri. Baada ya dakika chache walijibu kwamba wameupokea. Jibu lenyewe litakuja baada ya miezi. Amekwisha rudi Kinshasa, na sasa kila nikipita sokoni mama wa sambaza ananiita kutoka mbali: «Mwalimu! Wale wa nguva wamejibu?»