Uzuiaji wa Ajali za Kuanguka katika Mashimo ya Lifti za Mizigo: Mazingira ya Kazi ya Keko, Dar es Salaam

Keko, katika Wilaya ya Temeke, inafahamika jijini Dar es Salaam kwa utengenezaji wa samani, na jirani yake ni eneo la viwanda na maghala la Chang'ombe. Pale ambapo karakana au ghala linapanda kuwa jengo la ghorofa, makabati na shehena nyingine nzito huhitaji lifti ya mizigo. Makala haya yanafafanua namna mfanyakazi anavyoanguka katika shimo la lifti hiyo na hatua zinazoweza kuzuia ajali ya aina hiyo.

Hofu iliyozoeleka kuhusu lifti ni kukatika kwa kamba. Hofu hiyo ilipatiwa jibu mapema. Mwaka 1854 jijini New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti, kamba ikakatwa mbele ya watazamaji, na breki ya usalama ikalizuia jukwaa lisianguke. Hata hivyo, breki humlinda aliyemo ndani ya kizimba, yaani chumba kinachobeba mzigo. Haimsaidii anayefungua mlango ilhali kizimba kiko ghorofa nyingine. Mtu anayeanguka mita 4 hufika chini kabla ya sekunde moja kutimia, akiwa na kasi ya takriban kilomita 32 kwa saa.

Ajali hii hutokea katika hali kuu tatu. Kwanza, mpakiaji anayevuta kabati hutembea kinyumenyume. Macho yake yako kwenye mzigo na mgongo ndio unaotangulia mlangoni. Mlango ukifunguka, huamini kuwa kizimba kipo. Pili, umeme unapokatika, kizimba huweza kusimama kati ya ghorofa mbili. Waliomo hulazimisha mlango na kuruka, ilhali chini ya sakafu ya kizimba kuna uwazi unaoelekea shimoni. Anayepoteza mizani hutumbukia humo. Tatu, wakati wa matengenezo mlango huachwa wazi bila uzio.

Kinga ya msingi ni kufuli la mlango lililounganishwa na mfumo wa umeme wa lifti. Mlango haufunguki iwapo kizimba hakipo, na kizimba hakiondoki iwapo mlango uko wazi. Kufuli likiharibika, lifti haina budi kusimamishwa. Kulifunga kwa waya ili kazi iendelee ni kuiondoa kinga yenyewe. Aidha, panahitajika taa za dharura mbele ya kila mlango, na ufunguo wa dharura ukae kwa fundi aliyefunzwa pekee. Kabla ya matengenezo, umeme ukatwe, swichi ifungwe kwa kufuli na uzio uwekwe. Bango la tahadhari huja mwisho, kwa kuwa anayetembea kinyumenyume halioni.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaotokana na sheria ya mwaka 2008, hushughulikia madhara yaliyokwisha kutokea. Anayehitaji zaidi kinga ya awali ni kibarua wa kutwa: ameajiriwa asubuhi, analipwa kwa mzigo, na hajui ni mlango upi wenye kufuli bovu. Hivyo basi, anapaswa kuelekezwa kabla ya kubeba mzigo wa kwanza, na asipoteze ujira kwa kukataa kutumia lifti yenye kasoro.

Kwa kuhitimisha, kila siku kabla ya kazi, mtu aliyefunzwa ajaribu mlango wa kila ghorofa akiwa nyuma ya kizuizi, huku kizimba kikiwa ghorofa nyingine. Mlango wowote ukifunguka, lifti isitumike hadi itengenezwe.