Usiondoke Ghalani Bila Karatasi Yako

Kama unalima korosho unaijua miezi migumu. Mwezi wa saba mikorosho inatoa maua, lakini nyumbani hakuna fedha. Mtoto anadaiwa sare ya shule. Dawa ya kupulizia inatakiwa. Unga umekwisha. Hapo ndipo anapokuja mtu na fedha mkononi. Anasema, "Chukua hizi sasa. Utanilipa korosho mwezi wa kumi."

Biashara hiyo, katika mikoa ya kusini, inaitwa kangomba. Mnunuzi wa kangomba hatumii mizani. Anapima kwa bakuli au kopo lake, na bei anaipanga yeye. Korosho zinauzwa zikiwa bado juu ya mti. Msimu ukifika, mwenye shamba anaokota mali ya mtu mwingine. Mwezi wa pili chakula kinakwisha tena, naye anarudi kwa mtu yule yule.

Sheria inakataza kangomba. Lakini sheria peke yake haishibishi mtoto. Ilitakiwa njia ya kuuza inayomfaa mkulima. Mwaka 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Stakabadhi za Ghala. Mwaka 2007 mpango huo ulianza kwa korosho mkoani Mtwara. Katika mpango huu Serikali, vyama vya ushirika, mabenki na makampuni wanafanya kazi pamoja.

KOROSHO ZINAVYOSAFIRI

Wewe unaokota korosho, unazianika zikauke vizuri, na unatoa mbovu. Unazipeleka kwenye chama chako cha msingi. Karani anazipima kwa mizani. Anakupa karatasi yenye jina lako na kilo zako.

Chama kinapeleka mzigo kwenye ghala kuu. Mwenye ghala anaweza kuwa kampuni ya watu binafsi, lakini lazima awe na leseni. Mzigo unapimwa tena, ubora wake unaangaliwa, na stakabadhi inaandikwa. Stakabadhi hiyo inasema mzigo upo, ni kilo ngapi, na ni wa nani.

Kisha unafanyika mnada. Makampuni yanataja bei. Wakulima wanaweza kuikubali au kuikataa. Anayeshinda analipa kwanza, ndipo anaruhusiwa kuchukua mzigo. Fedha zinapita benki mpaka kwa mkulima.

MIAKA MIZURI NA MIAKA MIBAYA

Tusidanganyane. Mpango huu umewahi kuumiza watu. Hapo mwanzo malipo yalitolewa kwa mafungu. Aprili 2013, huko Liwale mkoani Lindi, wakulima walikasirika kwa sababu ya malipo pungufu, na nyumba zikachomwa moto.

Msimu wa 2017/2018 bei kwenye mnada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata makampuni yalitaja bei ndogo, na wakulima wakakataa kuuza. Novemba 2018 Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Jeshi likatumwa kusomba korosho. Lakini mashamba yalihakikiwa kwanza, ili wafanyabiashara wa kangomba wajulikane. Wakulima wengine walisubiri fedha zao kwa muda mrefu.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye kazi iliyobaki. Kila siku ambayo fedha zinachelewa, mwenye bakuli anapata mteja.

PIGA HESABU MWENYEWE

Chukua kalamu. Huu ni mfano tu. Una kilo 200. Bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo. Jumla ni shilingi 600,000. Kuna makato ya usafiri, ghala na chama. Tuseme ni shilingi 200 kwa kila kilo, yaani shilingi 40,000. Unabaki na shilingi 560,000.

Sasa tuseme kilo hizo hizo uliziuza kangomba kwa shilingi 1,200 kwa kilo. Umepata shilingi 240,000. Umekosa shilingi 320,000. Fedha hizo, kijijini kwako, zingenunua magunia mangapi ya mahindi?

Wakulima wengine wamejiunga na vikundi vya kuweka na kukopa. Wanaweka akiba mara tu wanapolipwa, na mwezi wa saba wanakopa humo. Uliza kama kijiji chako kina kikundi. Na kwenye mkutano wa chama, kabla msimu haujaanza, uliza makato ni kiasi gani na ni ya nini. Hilo ni swali la haki. Usione haya.

Siku ya kupima, simama mbele ya mizani. Soma namba wewe mwenyewe. Angalia kwamba uzito wa gunia tupu haukutolewa mara mbili. Soma jina lako kwenye karatasi, herufi kwa herufi, lilingane na jina lililoko benki. Herufi moja ikikosewa, malipo yanaweza kukwama. Ukiona kosa, mwambie karani alisahihishe hapo hapo, gunia lako likiwa bado juu ya mizani.