Ravenna: Nje Tofali, Ndani Nuru

Mgeni anayefika mbele ya kanisa la San Vitale mjini Ravenna, kaskazini-mashariki mwa Italia, anakutana na kuta za matofali zisizo na lipu wala pambo. Hakuna sanamu mlangoni, hakuna marumaru za rangi kama zile za makanisa ya Firenze, hakuna ngazi pana za kumkaribisha. Wengi hudhani kazi haikumalizika. Ilimalizika, na kanisa likatabarukiwa mwaka 547. Waliolijenga walikuwa wameshaamua kwamba fedha, ustadi na dhahabu, vyote vitakwenda ndani.

Uamuzi huo haukuzaliwa na imani peke yake. Ulizaliwa pia na tope.

Mwaka 402 Kaisari Honorius alihamishia makao yake Ravenna kutoka Milano, akiwaogopa Wagothi. Mji ulikuwa umezungukwa na vinamasi, jeshi la nchi kavu lisingeweza kuuzingira kwa urahisi, na bandari ya Classe iliyokuwa jirani iliuunganisha kwa meli na Constantinople. Dola la Roma la magharibi lilipoanguka, Theodoric, mfalme wa Wagothi, alitawala kutoka hapo hapo kuanzia 493 hadi alipofariki mwaka 526. Mwaka 540 mji ukaangukia mikononi mwa majeshi ya Kaisari Justinian wa Constantinople. Kila utawala ulijenga, na majengo manane ya karne ya 5 na ya 6 yaliingizwa mwaka 1996 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Lakini ardhi iliyoulinda mji ni hiyo hiyo inayoyameza majengo yake. Sakafu ya kwanza ya jengo la ubatizo linaloitwa kwa jina la Askofu Neon sasa iko takriban mita 3 chini ya usawa wa mtaa. Jengo dogo lenye umbo la msalaba linalojulikana kama kaburi la Galla Placidia nalo limezama. Sakafu yake imepandishwa karibu mita moja na nusu, ndiyo maana mtu akiliona leo huliona fupi na nene kuliko lilivyokusudiwa. Katika kanisa la San Francesco, ambamo ibada ya mazishi ya mshairi Dante ilifanyika mwaka 1321, chumba kilicho chini ya madhabahu kimejaa maji, na samaki huogelea juu ya sakafu ya mozaiki. Katika karne ya 20 uchimbaji wa gesi na uvutaji wa maji ya ardhini viliongeza kasi ya mji kudidimia.

Fundi anayejenga juu ya udongo wa namna hiyo ana adui mmoja mkuu: uzito. Hapo ndipo akili ya waashi wa San Vitale inapoonekana. Kanisa hili halina umbo refu la mstatili kama makanisa mengi ya wakati wake. Lina pembe nane, na katikati yake imesimama kuba yenye upana wa takriban mita 16. Kuba ya mawe au ya zege ya Kirumi ingezisukuma kuta nje na kuigandamiza misingi. Waashi wa Ravenna wakatumia vyungu: mirija mifupi ya udongo wa kuchoma, iliyo wazi ndani, kila mmoja ncha yake ikiingia katika mdomo wa mwenzake kama vikombe vilivyopachikwa. Waliipanga mzunguko juu ya mzunguko, wakaishika kwa chokaa, mpaka kuba ikafunga. Matokeo yake ni paa jepesi lisilohitaji kuta nene wala viegemezo vikubwa vya nje. Ukuta ukiwa mwembamba unaweza kutobolewa madirisha mengi, na madirisha mengi yanaleta mwanga. Kwa maoni yangu hii ndiyo siri ya jengo zima. Dhahabu ya kuta za San Vitale inang'aa kwa sababu kuba yake ni nyepesi.

Kuba inabebwa na nguzo nene nane za matofali. Kati yake, upande wa madhabahu umeachwa wazi, na pande saba zilizobaki zimepinda kwenda nje kwa umbo la nusu duara, kila moja ikiwa na matao ya ghorofa mbili juu ya nguzo nyembamba za marumaru. Marumaru hiyo ilitoka kisiwa cha Proconnesus, karibu na Constantinople, ikasafirishwa kwa bahari. Ukitazama kwa karibu vichwa vya nguzo hizo utaona jiwe limetobolewa kwa keekee na patasi hata majani yaliyochongwa yameachana na kiini chake, na kivuli kimeingia nyuma yake. Kwa kuwa pande zimepinda, aliyesimama katikati hawezi kuona mwisho wa jengo. Nyuma ya kila tao kuna ujia, na nyuma ya ujia kuna mwanga mwingine.

Charlemagne, mfalme wa Wafranki, alijenga kanisa lake la pembe nane huko Aachen akiwa na San Vitale akilini, na Papa Hadrian wa Kwanza alimruhusu kuchukua marumaru kutoka Ravenna. Lakini Aachen ilijengwa kwa mawe mazito, na zile pande zilizopinda zikanyooshwa. Ni jengo la fahari, ila ndani yake unajua kila wakati ukuta uko wapi.

Gharama za San Vitale zinahusishwa na mtu mmoja, Julianus, ambaye jina lake la kazi, Argentarius, linaashiria biashara ya fedha. Padri Agnellus wa Ravenna, aliyeandika habari za maaskofu wa mji huo katika karne ya 9, anataja sarafu 26,000 za dhahabu. Kanisa la Sant'Apollinare in Classe, lililotabarukiwa mwaka 549, nalo linahusishwa na fedha za Julianus huyo huyo. Makanisa haya mawili yana hata matofali ya aina moja, marefu na membamba, tofauti na tofali nene la majengo yaliyotangulia.

Kuhusu mozaiki zenyewe, watu husifu rangi na kusahau kazi ya mkono. Vipande vingi ni vioo vidogo. Cha dhahabu ni jani jembamba la dhahabu lililobanwa kati ya tabaka mbili za kioo. Fundi alipaka chokaa eneo dogo tu, kiasi cha kulimaliza kabla halijakauka, kisha akavipachika vipande kimoja kimoja. Hakuvilaza sawasawa. Uso wa ukuta una mawimbi madogo, na kila kioo kinaelekea upande wake, kwa hiyo mtazamaji akipiga hatua mbili, sehemu iliyokuwa imefifia inawaka. Picha za vitabuni haziwezi kulionyesha jambo hili.

Pembeni mwa madhabahu ya San Vitale, Justinian ameshika sahani ya Ekaristi na mkewe Theodora ameshika kikombe, huku pindo la vazi lake likiwa limetariziwa Mamajusi watatu. Wawili hao hawakuwahi kukanyaga Ravenna. Na katika picha hizo, juu ya kichwa cha mtu mmoja tu limeandikwa jina: Maximianus, askofu aliyelitabaruku kanisa. Kila aliyetazama alifahamu nani ni mtu wa Kaisari mjini hapo.

Mahali ambapo siasa na ufundi vimegongana waziwazi zaidi ni Sant'Apollinare Nuovo, kanisa la jumba la Theodoric. Theodoric na Wagothi wake walikuwa Waariani. Walifundisha kwamba Mwana hakuwa sawa na Baba. Katika ukuta wa kulia, karibu na lango, mozaiki ilionyesha jumba la mfalme na watu wamesimama kati ya nguzo zake. Baada ya ushindi wa Justinian, Askofu Agnellus, ambaye siye yule mwandishi wa karne ya 9, alilitwaa kanisa kwa ajili ya Wakatoliki. Mafundi wake waliwang'oa wale watu, wakaweka mapazia meupe mahali pao. Wakapanga pia msafara wa wafiadini 26 upande mmoja, wakielekea kwa Kristo, na wa mabikira 22 upande wa pili, wakitanguliwa na Mamajusi kuelekea kwa Maria na Mtoto.

Lakini sogea, tazama nguzo zilizochorwa za jumba hilo. Juu ya weupe wa nguzo imebaki mikono. Hapa kiganja, pale mkono hadi kwenye kiwiko, mwenyewe hayupo. Mafundi waliondoa miili iliyokuwa mahali palipo na mapazia sasa, lakini kuing'oa mikono kungelazimu kuzitengeneza nguzo zote upya, na yamkini hakuna aliyetaka kugharimia kazi hiyo. Ndugu zangu wa taaluma ya uhifadhi huulizwa mara nyingi kama jengo lililobadilishwa lirudishwe kama lilivyokuwa mwanzo. Kwa ukuta huu jibu langu ni hapana. Mapazia ya Agnellus na mikono ya watu wa Theodoric vina haki sawa ya kubaki pale, na atakayesafisha ukuta huo asiguse hata kimoja.