Kivumishi "Stringent" na Mipaka ya "-kali" katika Tafsiri

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vinavyomtatiza mfasiri wa Kiswahili, kimo hiki cha "stringent". Si kigumu kwa kuwa maana yake imefichika. Ugumu wake ni kwamba hudhaniwa kuwa chepesi. Mfasiri akikutana nacho, kalamu yake huandika "-kali" kabla fikira haijaamua. Kalamu hiyo hiyo huandika "-kali" mbele ya "strict", "severe", "harsh" na "stern". Hivyo maneno matano yenye kazi tano humiminwa katika chombo kimoja, na msomaji hana njia ya kujua ni lipi lililokusudiwa. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya kivumishi hicho na muktadha wake, kisha kuonyesha ni wapi "-kali" hufaa na ni wapi hupotosha.

1. Asili ya neno

"Stringent" na "strict" ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yatokana na kitenzi cha Kilatini "stringere", yaani kukaza au kufunga kwa kubana. "Strict" latokana na umbo la kitendo kilichotimia: kitu kilichokwisha kukazwa. "Stringent" latokana na umbo la kitendo kinachoendelea: kitu kinachokaza. Katika Kiingereza cha karne ya 17 neno hili lilitumika kwa ladha na dawa zenye kukaza kinywa, ladha ambayo Kiswahili huiita ukakasi. Ilipofika karne ya 19 lilikuwa limehamia kwenye kanuni na taratibu, na huko ndiko makao yake hata leo.

Yafaa ikumbukwe kwamba sitiari hii si ngeni katika Kiswahili. Kutokana na "kaza" tumepata "mkazo", istilahi ya fonolojia, sawasawa na "stress" ya Kiingereza, neno ambalo nalo ni la ukoo wa "stringere". Twasema pia kwamba masharti yanabana na kwamba utaratibu umelegea. Kwa hiyo lugha ina picha ya kamba na fundo tangu zamani, ila mfasiri huisahau akaikimbilia picha ya kisu.

2. Muktadha wa matumizi

"Stringent" hufuatana na nomino za namna maalumu: sheria, kanuni, masharti, vipimo, majaribio, ukaguzi, viwango. Kwa kawaida halimvumishi mtu. Mwalimu asiyecheka na mwanafunzi mzembe ni "strict", na akikunja uso ni "stern", lakini hawi "stringent". Wala halivumishi maumivu au ukame, ambavyo ni "severe".

Linachopima neno hili ni nafasi iliyoachwa. Kanuni ni "stringent" kadiri inavyompunguzia mtu nafasi ya kwenda upande. Ndiyo maana laweza kulinganishwa: kiwango cha nchi moja huweza kubana kuliko cha nchi nyingine. "Rigorous" hutazama kazi yenyewe, kama imefanywa kwa ukamilifu bila kuruka hatua. "Harsh" hubeba lawama ya msemaji. "Strict" huweza pia kumaanisha usahihi wa mpaka, kama inaposemwa kuwa neno limetumika kwa maana yake hasa. "Stringent" lenyewe halisifu wala halilaumu. Mhandisi akilitumia kwa vipimo vya maji ya kunywa, huwa anasifu. Mfanyabiashara akilitumia kwa masharti ya leseni, huenda analalamika.

3. Tabia ya "-kali"

Kiini cha "-kali" ni makali, yaani ncha au upande unaokata. Kisu kikali, jua kali, pilipili kali, mbwa mkali, maneno makali: vyote hivi humfikia mtu na kumchoma kwa namna fulani. "-kali" hutazama upande wa anayeumia, na "stringent" hutazama upana wa njia aliyoachiwa. Pande hizi mbili hukutana mara kwa mara, kwa maana sheria inayobana sana mara nyingi huwa na adhabu nzito. Kukutana huko ndiko kumezaa mazoea. Lakini mifano mitatu ifuatayo yaonyesha jinsi zinavyoachana.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Serikali nyingi zilitangaza hatua za kuzuia maambukizi, na Chuo Kikuu cha Oxford kikaunda kipimo cha 0 hadi 100 cha kuonyesha jinsi hatua hizo zilivyobana. Kipimo hicho hakikuwa na neno juu ya ukatili wala juu ya ubora wa hatua. Kilihesabu hasa vizuizi, kama vile kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa safari. Sasa, katika Kiswahili cha matangazo, "hatua kali" ni tamko la vitisho: hatua kali zitachukuliwa dhidi ya mtu fulani. Mfasiri akiandika "hatua kali" tu, msomaji huingojea adhabu, na kumbe habari ni ya vizuizi.

Mfano wa pili ni wa dawa. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilitumia kivumishi "stringent" kwa mamlaka za kitaifa zilizoaminika katika kuidhinisha dawa, kabla ya kuanza kuliacha jina hilo na kushika jina jingine. Kuziita hizo "mamlaka kali" ni kuzifanya za kuogopwa, ilhali lililokusudiwa ni kwamba dawa mbovu haipati mwanya wa kupenya. Hapa lingefaa "mamlaka zenye udhibiti madhubuti".

Mfano wa tatu ni wa ndugu yake, "strict", katika sheria. Hukumu ya Rylands v Fletcher, iliyotolewa na Baraza la Malordi la Uingereza mwaka 1868, hutajwa mara nyingi kama chimbuko la "strict liability". Maji ya bwawa lililojengwa katika ardhi ya mtu yalipenya yakafurika katika mgodi wa jirani. Mwenye bwawa hakuwa mzembe, hata hivyo alipaswa kulipa. Ukiandika "dhima kali", msomaji atadhani malipo ni makubwa, na huenda yakawa ya shilingi chache. Lililokazwa si malipo bali mlango wa udhuru. "Dhima isiyotegemea kosa" ni ndefu zaidi, lakini ni kweli.

4. Njia ya kufuata

Mfasiri na ajiulize maswali matatu. Je, kinachopimwa ni maumivu au ni nafasi iliyobaki? Je, mwandishi asifu, alaumu, au hana upande? Je, nomino inayovumishwa ni mtu, kanuni au kazi? Majibu yakipatikana, Kiswahili hakikosi neno: masharti yenye kubana, ukaguzi wa kina, udhibiti madhubuti, kiwango kisichoruhusu kasoro, maana hasa. Tahadhari moja yahitajika: "madhubuti" husifu, kwa hiyo halifai pale mwandishi anapolalamika.

Huenda ikapingwa kwamba mafungu haya ni marefu, na kwamba "-kali" limekwisha kuzoeleka. Urefu si hoja, kwani kuvumisha kwa "-enye" na kwa virejeshi ni desturi ya Kiswahili chenyewe. Mazoea ni hoja nzito zaidi, na pale sheria inapoumiza kweli, "sheria kali" na ibaki.

Jambo hili limezidi uzito sasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Tanzania mwaka 2021 ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Msomaji wa matini hizo hatakuwa na nakala ya Kiingereza kando yake ya kumsahihisha. Mwenye kiwanda atakayesoma "dhima kali" atajiandaa kwa faini kubwa, na kutumaini kwamba uangalifu wake utamwokoa. Siku atakayofika mbele ya hakimu ndipo atakapojua kwamba neno alilosoma halikuwa neno lililotungiwa sheria.