Fahamu Matumizi Sahihi ya Baa ya Boringi katika Mashine ya Kukereza Chuma

Na Mwandishi Wetu

Tundu la puli ya mashine ya kusaga nafaka linapochakaa, wananchi wanaotegemea mashine hiyo hukosa huduma hadi fundi atengeneze puli nyingine. Kazi hiyo huhitaji usahihi mkubwa. Tundu likizidi unene wa shafti kwa sehemu ndogo tu ya milimita, puli hucheza, shafti hulika na mashine husimama tena.

Katika karakana, usahihi huo hutegemea sana baa ya boringi. Hiki ni kipande cha chuma chenye ncha ya kukatia, ambacho huingizwa ndani ya tundu ili kulipanua hadi kipimo kinachotakiwa. Keki ya kutobolea peke yake haitoshi, kwa kuwa huweza kwenda upande na kuacha tundu lisilo katikati. Baa ya boringi hurekebisha kasoro hiyo, kwani kifaa kinachokerezwa ndicho huzunguka, nayo baa husogea sambamba na mhimili wa mashine.

Kwa nini baa hupinda

Baa hushikwa upande mmoja tu, huku upande wenye ncha ukining'inia. Kwa nguvu ileile ya ukataji, urefu unaoning'inia ukiongezwa mara 2, kupinda huongezeka mara 8. Kinyume chake, unene wa baa ukiongezwa mara 2, kupinda hupungua hadi sehemu moja ya 16. Kwa sababu hiyo, fundi anashauriwa kuchagua baa nene kadiri tundu linavyoruhusu, huku akiacha nafasi ya kutokea mabaki ya chuma, na kuitoa nje ya kishikizo kwa urefu unaohitajika tu.

Kwa baa ya chuma cha kawaida, urefu huo usizidi takriban mara 4 ya unene wake. Baa ya milimita 20, kwa mfano, isitokeze zaidi ya milimita 80. Ikizidi, hutetemeka, hutoa mlio mkali na kuacha mawimbi katika uso wa tundu.

Tatizo hili si geni. Nchini Uingereza mwaka 1775, John Wilkinson alitengeneza mashine ya kukereza silinda ambayo baa yake ilishikiliwa pande zote mbili. Silinda zake ndizo zilizowezesha injini za mvuke za James Watt kufanya kazi bila kuvujisha mvuke kupita kiasi.

Ufungaji katika kishikizo

Kishikizo kinachoizunguka baa na kuibana kwa urefu wake hushika vizuri zaidi kuliko bolti inayoikandamiza mahali pamoja. Kabla ya kufunga, fundi asafishe kishikizo, kwani hata kipande kidogo cha chuma kilichosalia humo huzuia baa kukaa sawasawa.

Ncha iwekwe usawa wa katikati ya kifaa au juu yake kidogo sana, kwa kuwa nguvu ya ukataji huisukuma chini. Ikishuka chini ya katikati, tumbo la kisu husugua ukuta wa tundu badala ya ncha kukata. Aidha, kabla ya kuwasha mashine, baa iingizwe kwa mkono hadi mwisho wa safari yake ili kuhakikisha haigusi ukuta wala taya za mashine.

Kipimo kinapokaribia kukamilika, fundi apitishe baa tena bila kuongeza kina. Baa iliyokuwa imepinda kidogo hurejea mahali pake na kuondoa chuma kilichobaki. Baada ya hapo asimamishe mashine na kupima.

Usalama kwanza

Ni hatari kubwa kuingiza kidole au kitambaa ndani ya tundu linalozunguka. Glovu na mikono mirefu ya nguo iliyolegea huweza kunaswa na kumvuta fundi. Miwani ya kinga ni ya lazima, na ufunguo wa taya uondolewe kabla ya kuwasha mashine. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake.

Wamiliki wa karakana wanahimizwa kuwa na baa za unene mbalimbali, ili fundi asilazimike kutumia baa nyembamba katika kila kazi. Mwananchi anayepeleka kipuri kutengenezwa naye apeleke pamoja na shafti yake, ili tundu lipimwe kulingana na shafti hiyo kabla puli haijaondolewa kwenye mashine.