Maradhi Yanayofichwa kwa Haya

Haya ni pambo kubwa katika dini yetu, lakini imekuwa ikiwazuia wengi katika mama zetu na dada zetu kuuliza juu ya miili yao.

Bibi mmoja wa jamaa zetu, aliyenipa idhini nimtaje bila ya jina, alikaa miaka saba akihisi uzito chini ya tumbo, kama kwamba kitu kinataka kutoka. Akikohoa au akirukuu, mkojo humponyoka. Akaacha kwenda tarawehi, akaacha na maharusi. Hakumwambia mumewe wala binti yake.

Maradhi haya ni kushuka kwa kizazi. Nyama zinazoshika kizazi na kibofu hulegea kwa kuzaa mara nyingi, uzazi wa taabu, kuinua mizigo, kikohozi cha siku nyingi, choo kigumu, au umri. Hayakuletwa na uchawi.

Si lazima kila mgonjwa apasuliwe. Kiko kifaa kiitwacho pesari, na aina yake iliyo mashuhuri ni mfano wa pete ya silikoni laini. Daktari au mkunga humpima mwanamke, huitia pete ndani ya uke ili ikishikilie kizazi, kisha humwambia asimame, akohoe, atembee na aende haja ndogo. Ikidondoka, hujaribiwa iliyo kubwa zaidi. Ikimwumiza, hujaribiwa iliyo ndogo. Iliyomkaa sawasawa haihisi. Katika nchi ya Kanada wako hata wanaomtengenezea kila mwanamke yake kwa vipimo vya mwili wake.

Wengi hufundishwa kuitoa wenyewe, kuiosha kwa sabuni na maji, na kuirudisha. Asiyeweza hurudi kwa daktari kila baada ya miezi michache. Akitokwa na damu au uchafu wenye harufu mbaya, na arudi upesi. Wala asijitilie kitu chochote cha kubuni nyumbani.

Bibi yule, alhamdulillahi, Ramadhani iliyopita alisimama tena katika safu.

Basi enyi waume, mkiona mke amejitenga na watu, muulizeni kwa upole, mpeni nauli, na mtafutieni daktari wa kike akipatikana. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na amri hiyo ni ya wanawake kama ilivyo ya wanaume.